Walikuja Kunililia Mimi

Ndugu zangu, Alhamisi ya wiki tuliyoanza kuvuna maharage nilimpoteza dada yangu, hapa hapa Ntobeye. Sauti yangu ni ndogo, sogeeni.

Rovu langu, huu uvimbe wa shingoni, mnalijua. Lilianza nikiwa msichana, likakua mpaka nikawa najifunga kitenge shingoni hata kwenye jua kali. Sokoni walinitania kwamba nimemeza kiazi na gunia lake. Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Dada ndiye aliyenipeleka hospitali ya rufaa. Lusahunga tulipobadili gari, mzigo wote alibeba yeye. Nikapigwa picha ya ultrasaundi, nikachomwa sindano shingoni wakachukua kipimo. Majibu yakasema ni vinundu vya tezi ya shingoni, havina saratani, niwe narudi kila mwaka waviangalie. Kisha daktari akamtazama dada. Chini ya koo alikuwa na kinundu kidogo kama punje ya harage. Akamwambia naye apande kitandani.

Dada akacheka. "Daktari, mimi nimeleta mgonjwa. Mwenye shingo ni huyu." Hakupanda.

Tukarudi nyumbani tukiimba, ndugu zangu. Tukiimba.

Baadaye sauti yake ikakauka. Tukasema ni vumbi la kupepeta. Alipoanza kupaliwa na maji ndipo tukaenda hospitali. Kile kidogo kilikuwa saratani, na kilikuwa kimeshabana njia ya hewa. Tulikuwa tumechelewa.

Kijiji cha Nyakisasa zilifika habari kwamba mmoja wetu dada wawili amekufa kwa ugonjwa wa shingo. Wakaja wakilia jina langu. Mama mmoja mzee, rafiki wa marehemu mama yetu, akaingia, akaniona kwenye mkeka, kilio kikamkatikia mdomoni.

"Kumbe wewe upo?"

Nikamwambia shikamoo. Nawaambia, sikumchukia. Ukoo mzima ulikuwa umejiandaa kwa kifo changu, na dada alikuwa ameshasema nani atawalea wanangu.

Siku ya kuanua matanga nilifungua kile kitenge mbele za watu. Nikaomba kila mtu apewe maji, ainue kidevu, ameze, na jirani yake amtazame shingo. Mjomba akanong'ona kwamba msiba umenipanda kichwani. Walimeza. Binti wa dada alipomeza, kinundu kikapanda na kushuka shingoni mwake. Yule mama wa Nyakisasa ndiye aliyekiona.

Namshukuru mama huyo. Namshukuru nesi wa zahanati yetu, aliyetuandikia rufaa siku ile ile, nanyi mliotuvunia maharage tukiwa hospitali. Uvimbe mkubwa usiwatishe, mdogo usiwadanganye. Vingi si saratani. Lakini vidole havijui, na wembe wa mganga haujui. Nendeni mkapimwe.

Binti wa dada alikutwa na saratani, bado changa. Wametoa tezi yote, na sasa atakunywa kidonge cha kufanya kazi ya tezi kila asubuhi maisha yake yote. Jana alikikataa. Alisema mama yake hakupewa. Nikakaa mbele yake, tukatazamana mpaka uji ukapoa, ndipo akakimeza.