Nguo Nyeupe za Erasto

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeitikia vizuri, asanteni. Sasa nivumilieni, maana nimesimama kumshukuru Mungu huku bado nina hasira, na Yeye anajua.

Mimi ni mzaliwa wa Mpapura. Mume wangu kwao Dodoma, anafanya kazi hapa bandarini Mtwara. Mwanetu Erasto mnamjua, na mnajua alivyokuwa akiugua kila baada ya sikukuu. Krismasi ikipita, macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, hana nguvu hata ya kulia. Anapona. Inakuja Pasaka, yale yale. Ikaja harusi ya shemeji yangu, yale yale.

Basi mkaanza kusema kwamba ana pepo asiyependa kanisa. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akaongeza kuwa pepo huyo ametoka upande wetu, kwa sababu kaka zangu wawili walikufa wadogo, macho ya njano vilevile. Nilichoka, ndugu zangu! Hata sokoni niliulizwa habari za pepo kabla ya habari za asubuhi.

Ndipo wazee wa kanisa wakatangaza maombi ya siku tatu. Mtoto aletwe amevaa nguo zake nyeupe za sikukuu, ili pepo aaibike. Nikamvika siku zote tatu. Siku ya tatu Erasto alilegea mikononi mwangu, midomo haina rangi, na mzee mmoja akasema kwa furaha, "Mwacheni, pepo anatoka."

Mimi nikaona anayetoka ni mwanangu. Nikambeba vilevile alivyovaa, nikaondoka katikati ya wimbo, moja kwa moja hospitali.

Daktari alimwinamia, akanusa shati. "Mama, nguo hizi mnazihifadhi na nini?"

Nikamwambia sandukuni, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Mama mkwe huvitia mwenyewe, konzi nzima, mpaka mifukoni. Siku zote mtoto alifika hospitali na nguo za nyumbani, nani angenusa?

Kumbe Erasto alizaliwa na upungufu wa enzaimu, kitu kinacholinda damu. Vidonge vile, hata kwa harufu iliyobaki kwenye nguo, na baadhi ya dawa za malaria, huivunja damu yake. Upungufu huo watoto wa kiume huurithi kwa mama. Katika maelezo yote ya daktari, mama mkwe alisikia hilo tu. Na mtoto alipoongezewa damu ya baba yake akafumbua macho, bibi akatangaza mtaa mzima kwamba damu ya kwao ndiyo iliyomponya. Mungu anipe uvumilivu.

Ndugu zangu, ni Bwana aliyeniinua kwenye lile benchi. Mimi ni mwoga, wazee wakisema kaa, nakaa. Siku ile sikukaa, na mwanangu yuko hai. Upungufu haujaondoka wala hautaondoka, tutaishi nao. Wewe mwenye mtoto anayeugua, mtumaini Mungu na umpeleke hospitali. Hayo mawili hayagombani.

Erasto yule pale, na kaptula yake ya kuchezea, na msinitazame hivyo. Najua mnataka kumbeba. Lakini kama kanga yako imetoka sandukuni leo, nakuomba, mpende mwanangu kutoka hapo hapo ulipokaa.