Mama Gertrude Kabedi, Wino wa Rejista na Mstari Mmoja wa Faili

Tarehe 30 Juni 2025, mama Gertrude Kabedi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya rejista, hapa Likasi, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi tisa. Tarehe hiyo ni sikukuu ya uhuru na milango itakuwa imefungwa, kwa hiyo tunamuaga Ijumaa tarehe 27, saa tano asubuhi, katika ukumbi wa ndoa. Yeye mwenyewe ameomba afanye kazi mpaka saa tano kasoro robo. Kwa wanaomjua, hilo si la kushangaza.

Mimi ni Évariste, karani wa meza ya pili. Mkuu wetu, papa Bertin, alinikabidhi faili la kazi la mama Gertrude ili niandike ukurasa huu wa programu ya kumuaga, akaniomba niandike mambo ya kufurahisha. Nimejitahidi. Lakini ndani ya faili hilo kuna mstari mmoja juu yake usio wa kweli, na aliyejua hivyo mpaka wiki iliyopita, mbali na yeye, ni mimi peke yangu. Nitaufikia. Kwanza kazi yake.

Alianza tarehe 16 Septemba 1991, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, kwenye meza ya vifo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Baada ya miaka minne alihamia meza ya waliozaliwa, na mwaka 1999 akawa mtunza rejista. Tangu hapo vitabu vyote vikubwa vya jalada jeusi vimekaa chini ya ufunguo wake. Ameandika watoto wa mafundi wa umeme wa Koni, wa wachimbaji wa Kamatanda, wa walimu, wa wauza mikate. Ameandika mapacha wasiohesabika na baba mmoja aliyetaka mtoto wake apewe majina saba. Mama Gertrude alimwonyesha kwa kidole mahali mstari wa kitabu unapoishia, na mtoto akatoka na majina matatu.

Kalamu yake haiazimwi. Husema kalamu ya wino ni kama mswaki, imeshazoea kinywa cha mwenyewe. Mwaka 2007 alikuja mgeni mkubwa kutoka Lubumbashi, mwenye koti na msafara, akanyoosha mkono aichukue mezani ili atie saini. Mama Gertrude alitangulia kuichukua, akaifunika, akampa biki ya kawaida. Mgeni alisaini kwa biki. Mkuu wa wakati ule alikunywa maji glasi mbili.

Wageni wa ukumbini labda hawajui desturi yetu, basi niieleze. Karani mpya hapa huandika rasimu kwa biki miaka miwili. Akithibitishwa kazini, mama Gertrude humkabidhi kalamu yake ya kwanza ya wino, mbele ya wote, kwa sucré, yaani soda, na karanga. Kalamu inatoka ofisini. Wino karani anauchagua mwenyewe. Nilipouliza kwa nini, mama Gertrude alinijibu kwamba aliyechagua mwenyewe hana wa kumsingizia. Sikujua kwamba siku moja jibu hilo lingeniuma.

Kuchagua wino kwake ni shughuli ya siku tatu, na inaitwa kulaza karatasi. Unachukua kipande cha karatasi ileile ya rejista. Unaandika jina la mama yako mzazi kwa kila wino unaoufikiria. Kisha unageuza karatasi kutazama kama imekunywa, maana upande wa pili nao utaandikwa mtoto wa watu. Nusu ya karatasi unaifunika kwa kopo, nusu unaiacha ipigwe na jua dirishani. Siku ya tatu unadondoshea maji kila jina, unangoja yakauke, unasoma. Mwenyewe alikuwa akisema hivi: "Wino banaichagulaka na maji, hapana na macho." Steve wa meza ya ndoa alipenda zambarau, akalaza karatasi mara nne kwa wiki tatu kabla ya kukubali kwamba jua la Likasi haliipendi zambarau.

Kuna mengine aliyotufundisha, nami nayaweka hapa kwa faida ya watakaopewa kalamu baadaye. Wino wenye vumbi la kung'aa unaziba koo la kalamu. Wino mbili haziwekwi katika tumbo moja. Ukitaka kubadilisha, osha kalamu kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, na usiharakishe. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na vumbi jekundu limejaa, usiache kalamu wazi hata kwa kuitikia salamu. La mwisho ni gumu kuliko yote: wino bora wa rejista hauvutii siku ya kwanza. Unatoka wa kijivu, umepauka, kama chai ya hospitali. Kesho yake unaanza kukolea. Baada ya wiki ni mweusi, umeingia ndani ya karatasi, na hata ukimwagia ndoo utausoma.

Mimi nilipewa kalamu yangu mwishoni mwa Oktoba 2013. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke na mtoto mchanga, na kiburi kidogo ambacho sasa kimepungua. Mezani kwa mama Gertrude niliona ule wino wa kijivu nikaudharau. Nikaenda kwa papa Pitshou, muuza madaftari wa karibu na soko, nikatoka na chupa ya buluu. Lo, buluu ile! Ilikuwa buluu inayoita. Kwenye chupa palikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa yaliyosema kwamba wino huo ni wa wanafunzi na unafutika. Niliyasoma. Nilidhani ni sifa.

Mama Gertrude aliutazama, akacheka. "Iko muzuri sana kwa barua ya muchumba," akasema. Kisha akaniuliza: "Weye, ulilaza karatasi?"

Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimelaza karatasi yoyote. Siku tatu niliziona nyingi, na nilitaka kuandika palepale, wenzangu wakiona. Aliniuliza kama maji yameupita, nikasema umesimama imara. Aliniamini, akafungua kabati, akanipa kitabu cha waliozaliwa. Nimeandika sentensi hizi mara tano na kila mara nimetaka kuzilainisha. Nilidanganya, basi.

Mvua ya Desemba mwaka ule iling'oa bati moja juu ya chumba cha kabati siku ya Jumapili. Jumatatu tulikuta maji yameingia kabatini na kulowanisha kitabu kilichokuwa juu, kile nilichokuwa nikiandika. Kurasa za mwanzo, za mkono wa mama Gertrude, zilikuwa zimekunjamana, lakini kila jina lilisomeka. Kurasa zangu zilikuwa mawingu ya buluu. Watoto ishirini na watatu waliozaliwa Novemba na Desemba hawakuwa na jina wala siku wala baba. Nakala ya pili tulikuwa tunaiandika mwisho wa mwaka, kwa hiyo haikuwapo bado. Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji.

Mama Gertrude hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaniuliza tena kuhusu karatasi, na safari hii nikasema ukweli. Kisha akachukua kalamu yake akaandika ripoti, na katika ripoti hiyo ukaingia mstari ninaouzungumzia, ambao nimeusoma juzi ukiwa na mhuri: *Wino usiofaa ulichaguliwa na mtunza rejista.* Nilipomwambia si kweli, alinijibu bila kuinua macho: "Weye ungali mupya, batakufukuza na ule mutoto wako mudogo. Miye batanipigia tu kelele. Na kuangalia ile karatasi ilikuwa kazi yangu. Sikuangalia." Mkuu wa wakati ule aliisoma ripoti. Kitabu hakukifungua, angekifungua, angeona mikono miwili na wino mbili.

Kisha akaniambia jambo la pili: "Habo batoto biko na majina. Twende tukayatafute." Kuanzia Januari mpaka Pasaka, kila Jumamosi, tulizunguka kwa pikipiki na kwa miguu, yeye akiwa na daftari, mimi nikiwa na aibu yangu. Tuliuliza kwenye nyumba za uzazi, parokiani, kwa wachungaji wa makanisa ya uamsho, kwa wakunga. Tulipata watoto ishirini na wawili. Wazazi walikuja, mashahidi wakaja, mahakama ikatoa hukumu, na majina yakaandikwa upya kwa wino wa kijivu, kwa mkono wangu, yeye amesimama nyuma yangu.

Alibaki mmoja. Mama Gertrude alikumbuka kwamba alikuwa wa kike na kwamba baba alichimba Kamatanda, basi. Kamatanda tulikwenda mara sita, kwa maana wachimbaji huhama na mgodi. Mimi nilishakata tamaa. Agosti mtu akatuambia kuna familia iliyohamia Mwadingusha kuuza samaki, na tukaenda. Mama wa mtoto, Orpa, alikuwa anaparua samaki mlangoni. Alipoelewa tumekuja kwa sababu gani, aliweka kisu chini: "Kumbe munatukumbukaka?" Mtoto aliitwa Elikia. Alikuwa anatambaa, na alimshika mama Gertrude kiatu.

Mwaka uleule, 2014, kiti cha mkuu wa ofisi kilikuwa wazi. Mama Gertrude alikuwa wa kwanza katika orodha ya majina matatu. Faili lake lilifunguliwa, mstari ule ukasomwa, na jina lake likatolewa. Kelele alizozitarajia zikawa kitu kingine kabisa. Siku hiyo ningeweza kusimama na kusema. Mtoto wangu alikuwa amekwisha kuanza kutembea, kazi yangu ilikuwa imetulia, na nikanyamaza. Kesho yake nikaona ni rahisi zaidi kunyamaza, na mwaka uliofuata rahisi zaidi. Yeye hakulitaja jambo hili hata mara moja, wala kwa utani, na Mungu anajua yeye ni mtu wa utani. Miaka kumi na moja amenisalimia kila asubuhi kwa jina langu.

Aprili mwaka huu Orpa alikuja kuchukua cheti, kwa sababu Elikia anafanya mtihani wa kumaliza darasa la sita la msingi. Binti mwenyewe alikuwapo, mrefu, na viatu vya shule. Mama Gertrude alimwandikia nakala, akampulizia wino ukauke, akamwambia asiikunje. Orpa alimshukuru mama Gertrude kwa mikono miwili, kisha akageuka akanishukuru na mimi. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo, nimeumbuliwa na faili. Tarehe 1 Julai ndiyo siku niliyopangiwa kuchukua ufunguo wa kabati, yaani kuwa mtunza rejista badala yake. Karatasi ya uteuzi iliwekwa mezani kwangu wiki iliyopita nitie saini. Nimeirudisha kwa papa Bertin bila saini, pamoja na barua ya kurasa mbili inayosema nani alichagua wino ule na nani alidanganya kuhusu karatasi. Nimeomba barua hiyo ishonwe ndani ya faili la mama Gertrude, juu ya ripoti ya 2013, ili asomaye aanze nayo. Kitakachoamuliwa juu yangu nitakipokea. Papa Bertin ameisoma, akaniuliza kama bado nataka ukurasa huu uchapwe. Nimesema uchapwe kama ulivyo.

Mama Gertrude sikumwomba ruhusa. Angenikatalia, na angetafuta sababu nzuri, kama alivyofanya mara ya kwanza. Atausoma ukurasa huu pamoja nanyi. Nadhani atakasirika, kisha atatafuta makosa ya mkato katika sentensi zangu, na atayapata.

Kwa niaba ya meza zote, Steve wa ndoa, Marlène wa vifo, Fidélie wa mapokezi na papa Bertin, tunamshukuru kwa kila jina linalosomeka. Tunamshukuru pia mume wake, papa Georges, aliyevumilia kalamu kuoshwa katika sufuria zake za chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Tunajua wana shamba dogo na wajukuu watano, na kwaya ya parokia imeshamwekea kiti.

Mama Gertrude, uende ukapumzike kwa afya na amani, ule mahindi ya shamba lako, uimbe mpaka jirani alalamike. Kiti cha mkuu siwezi kukurudishia. Kwaheri, mama, na usiku usilale ukifikiria faili. Ule mstari sasa ni wangu.