Mikato Kuzunguka Duara

Ngo! Sauti moja tu, usiku wa mvua: jiwe limegonga mdomo wa mtaro wa Nateete, ule unaopita chini ya barabara. Asubuhi kila mtu kijiweni alikuwa ameisikia, na hakuna aliyeitaja, kwa sababu Ojara alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Ni polisi mstaafu kutoka kaskazini, tunamwita Afande. Mwaka jana maji yalimchukua mwanawe mdomoni mwa mtaro huo. Afande alisema neno moja, "Hakujikaza," na tangu hapo jina la kijana halikutajwa tena, nyumbani wala hapa. Binti yake Olivia, mwanafunzi wa uhandisi, halikubali neno lile. Anataka kompyuta imwonyeshe kama kuna mtu angeweza kusimama pale. Leo ameileta, ameiweka kati ya vikombe vya Mama Esperance, muuza kahawa wetu. Kwenye kioo umechorwa mtaro, kama unavyoonekana kutoka juu, na ndani yake duara dogo.

— Sasa shida iko wapi? akauliza Kasereka, fundi cherehani kutoka Butembo, tunayemwita Waziri kwa kujibu yasiyomhusu.

— Maji lazima niyagawe vyumba vidogo, kompyuta ihesabu kila chumba. Naanza na vipande vikubwa, tunaviita bloku. Kila bloku iwe na pembe nne. Duara ndilo linanivuruga.

— Kata kama chapati! Toka katikati, pya, pya, pya!

— Katikati hakuna maji, Waziri. Na kipande cha chapati kina pembe tatu.

— Imepungua moja tu! Haba na haba hujaza kibaba.

— Banange! akacheka Mama Esperance. Methali umeilisha nini leo? Binti yangu, lizungushie tu kipande kimoja, kama kitenge kiunoni.

— Kitenge kina fundo, akasema Kasereka, na fundo ndilo adui. Miye nasema tulihamishe duara lenyewe. Tulipeleke Nakivubo, kule mtaro ni mpana!

— Waziri, kunywa kahawa, akasema Mama Esperance.

Afande hakucheka. Alikuwa anatazama kioo.

— Ni paredi, akasema taratibu. Kila askari ana jirani mbele, nyuma, kulia, kushoto.

— Ndivyo, Baba. Hasa ndivyo.

Olivia akachora mraba kulizunguka duara. Akavuta mistari minne ya mshazari, kutoka duarani hadi kwenye pembe za mraba. Zikapatikana bloku nne, kila moja na pembe zake nne, ule upande wa ndani umepinda kama mgongo wa mtu aliyeinama. Kisha akaikata bloku moja. Mkato haukukaa pale. Ulivuka bloku hadi bloku, ukaufuata mtaro, ukafika mwisho wa picha.

— Umekata hapa, akanong'ona Mama Esperance, mbona na kule kumekatika?

— Lazima, Mama. Mistari haikomi njiani. Ukikata kwa mmoja, wote walio kwenye mstari wanakatika.

Vyumba vikajaa kioo chote, vyembamba, vimepangana. Mistari ilitoka kushoto imenyooka, ikafika kwenye duara, ikajipinda, ikapita, ikakutana tena. Nimeona mvua, nimeona ziwa. Sijawahi kuona maji yakisubiriwa kwa adabu namna ile.

— Imekubali, akasema Olivia. Bado majina. Kila ukuta uwe na jina, ndipo ianze kuhesabu.

Akaandika: maji kuingia. Maji kutoka. Kingo. Alipofika kwenye duara, vidole vikasimama.

— Andika nguzo, akasema Kasereka.

Havikusogea.

Blaise, mwendesha boda aliyehamia steji yetu wiki hii, alikuwa anangoja kahawa, helmeti mkononi. Akainama kutazama.

— Samahani, wazee. Hicho kinachozungukwa na maji ni kitu gani?

Waziri alitazama viatu vyake. Mama Esperance alishika birika bila kumimina.

Afande akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa bega la bintiye.

— Si kitu, akasema. Andika Bonny.