Milembe Nyanda na Chungu cha Nsansa

Milembe binti Nyanda alizaliwa Malampaka tarehe 9 Juni 1938, mtoto wa pili wa Mzee Nyanda, mkulima wa pamba na karanga. Dada yake Nyanjige, anayesoma haya, ndiye aliyembeba mgongoni, kwa hiyo asitokee mtu wa kumsahihisha.

Alisoma hadi darasa la nne. Ila kilichomjulisha kwa watu ni jiko la mama yake: majani ya kunde yanachemshwa, yanaanikwa juu ya mawe mpaka yakauke, ndiyo nsansa, kisha yanaungwa kwa karanga zilizotwangwa na nyanya. Mafuta hakutia. Alisema karanga ina mafuta yake, haiendi kuomba dukani.

Mwaka 1957 aliolewa hapa Bariadi na Masalu, ndoa ya kanisani. Kabla ya hapo mashangazi wa bwana walikuja kumkagua binti. Walikula mboga yake hadi wakasahau walichofuata.

Tangu 1976 aliuza chakula bandani, karibu na stendi. Wakulima na makarani walikaa benchi moja, wote wakimwita mayu, yaani mama. Soko huria lilipoingia, madumu ya mafuta yakajaa madukani, na mwanawe Joakim akaona nsansa ni chakula cha dhiki. Mwaka 1995, mama yake akiwa msibani Malampaka, Joakim alilivunja banda akajenga la chipsi. Hakumuuliza. Milembe aliporudi alikuta kinu chake kimegeuzwa kiti cha wateja. Alimwambia aliyekikalia anyanyuke, akakibeba kichwani mpaka nyumbani, mchana kweupe, watu wakiona.

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilikata barabara. Mafuta hayakuja, viazi havikuja. Joakim na familia yake wakahamia jikoni kwa mama, wakaishi kwa nsansa aliyoianika kiangazi. Chungu Joakim alikikomba kwa kidole. Barabara ilipofunguka, akarudi kuwachekesha wateja kwamba mama yake anakula majani kama mbuzi. Maneno hayo yalimfikia mwenyewe.

Mwaka 1998 Milembe alianza kuugua presha. Daktari alimkataza mafuta na chumvi nyingi, akamwambia ale mboga za majani. Hata hivyo sahani za chipsi ziliendelea kuletwa kitandani. Aliyezileta anajijua.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Machi 1999. Wiki moja kabla, alimshika dada yake mkono.

"Dada, siku yangu wasile ng'ombe. Wape nsansa. Nataka walichokicheka kiwashibishe."

Joakim alipoambiwa, alikuwa tayari ameshachinja.

"Mama mkubwa, wageni wa Mwanza watatuonaje? Watasema tumefilisika."

Nyanjige alikwenda kukitoa kile kinu, atwange karanga.

Marehemu ameacha mume, Mzee Masalu, watoto watatu, Joakim, Justina na Salu, wajukuu, dada mmoja, na kapu la nsansa, ambalo Justina na Salu wamelipika lote tangu alfajiri. Tukitoka kaburini, nyama na wali wa Joakim viko upande wa barabara. Chungu cha Milembe kiko nyuma ya nyumba, kwenye mafiga yake. Kila mtu ataonekana anakokwenda, na Joakim wa kwanza.

Milembe alale kwa amani. Moto wake haujazimwa.