Bwana Alifunga Koo Langu, Nikaanza Kusikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wale wa kutoka Kajiado, nawasalimu kwa Kimaasai: supa! Naitwa Mwalimu Mutheu. Nimefundisha watoto kuimba hapa Kitengela tangu miaka ya tisini, wakati pundamilia walikuwa wanapita nyuma ya darasa. Leo namshukuru Mungu kwa ajili ya koo langu.

Kwaya ya shule ilitegemea sauti yangu. Naimba soprano, narudi alto, watoto wananifuata. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tangawizi, ndimu, asali, wapi! Ikaisha kabisa. Daktari kule Nairobi akanichunguza.

"Mwalimu, kuna uvimbe kwa koo. Lazima utolewe. Baadaye usiongee, hata kunong'ona, mpaka nikuruhusu."

Ndugu zangu, niliogopa! Mwalimu wa kwaya bila sauti atafanya nini? Nililia pale kitandani: "Bwana, nirudishie ile ile yangu!"

Baada ya upasuaji nilirudi shuleni bubu, na mashindano ya muziki yamekaribia. Mwalimu mkuu alitaka tujiondoe. Siku hiyo mzazi mmoja Mmaasai, Mama Sein, alimleta binti yake mazoezini.

"Supa, Mwalimu!"

Nami hata "ipa" siwezi kumjibu! Nikamwonyesha koo. Akanishika mkono.

"Basi nyamaza. Kwetu mmoja huanzisha, wengine wanaitikia. Sein ataanzisha. Wewe sikiliza."

Sein akaanzisha, wenzake wakaitikia. Mimi ni mikono tu. Na hapo, ndugu zangu, nikashangaa! Safu ya nyuma kulikuwa na sauti nyembamba, safi kama maji. Ni ya nani? Nikapita nikitega sikio kwa kila mtoto, nao wananicheka. Kumbe ni Naserian, yule mpole niliyedhani anachezesha midomo tu! Tangu siku hiyo nilitaka kujua kila mmoja: nani anavuta pumzi mapema, nani anaimba vizuri akifumba macho. Tulienda mashindano. Kombe hatukuchukua, lakini hakuna aliyezungumza tena habari ya kujiondoa.

Daktari aliponiruhusu, nilijaribu asubuhi, nyumbani: "Asante, Bwana!" Mume wangu akauliza kutoka jikoni, "Mutheu, huyo mwanamume ni nani?"

Ndugu zangu, ilikuwa besi! Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Soprano yangu haijarudi hadi leo. Lakini wavulana wa darasa la nane, wale ambao sauti zilikuwa zinawavunjikia wakaihama kwaya kwa aibu, walinisikia nikiimba chini kuliko wao. Wakarudi, mmoja baada ya mwingine. Hadi wakati huo kwaya yangu haikuwa imewahi kuwa na besi!

Nani hapa ameomba kitu akapewa kingine? Usikirudishe, mpendwa. Mwamini Yesu, ukae nacho kidogo, umuulize ni cha nini. Mimi bado namuuliza, na bado ananionyesha. Utukufu ni wake!