Vitabu Visivyogongwa Mhuri

Risala ya wafanyakazi wa maktaba, Chuo cha Ualimu Mtalizga, kaskazini mwa Malawi, siku ya kuzindua huduma mpya. Msomaji: Tawonga Msiska.

Mgeni rasmi, Daktari Wezi Munthali, Mkurugenzi wa Vyuo vya Ualimu, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, na ninyi wanachuo mliosimama kwa kuwa viti havikutosha: tunawasalimu.

MAKARIBISHO

Karibu, mgeni rasmi. Tunajua umetoka Lilongwe tangu jana, na barabara ya huku haimwonei mtu haya. Sisi wafanyakazi wa maktaba tuko watano. Waliosimama mbele yako ni wanne. Wa tano, mama yetu NyaMhango, ameketi nje karibu na bomba, na sababu yake tutaifikia.

HISTORIA FUPI

Maktaba ilianza na chumba kimoja. NyaMhango aliajiriwa miaka thelathini na moja iliyopita, kufagia. Baada ya miaka mitatu akapewa kaunta, maana wanachuo walikuwa wakimuuliza yeye kitabu kiko wapi kabla ya kumuuliza mkutubi.

Vitabu vya kiada havijawahi kutosha. Nakala nne, wanachuo mia sita. Kwa hiyo ukawekwa utaratibu unaotubeba mpaka leo: kitabu chenye nakala chache hakitoki nje. Unaacha kitambulisho kaunta, unakisoma mezani kwa saa mbili, unakirudisha, na mwenzako anakipokea kikiwa bado na joto la mikono yako. Kitabu cha namna hiyo hakigongwi mhuri wa tarehe, kwa sababu mhuri ni wa kitabu kinachokwenda bwenini. Tafadhali lishike hilo.

MAFANIKIO

Hatutaki kuonekana watu wasio na shukrani. Mwaka huu tumepata kompyuta kumi na mbili. Tumepata vitabu elfu tisa vya kusomwa humo umeme ukiwapo, na wiki hii umeme ulikuwapo Jumatatu. Tumepata lango linalolia kitabu kikitoroshwa. Tumepata na rafu za chuma, nzuri kweli, ila nyingi ni tupu.

CHANGAMOTO

Ili kupisha mambo mapya, walikuja wataalamu wawili kutoka mjini kutoa vitabu vilivyokufa. Kanuni yao ilikuwa rahisi: kitabu ambacho karatasi yake ya tarehe haina mhuri wowote wa miaka mitano iliyopita hakisomwi, kitolewe. NyaMhango akawaona wakibeba kitabu cha makuzi ya mtoto, nakala zote nne, majalada yakiwa yameshikwa na gundi na uzi wake mwenyewe.

"Baba, hivyo mnavyobeba ndivyo vinavyosomwa," akawaambia.

"Mhuri uko wapi, mama?"

"Havina mhuri kwa sababu havipumziki."

"Sisi tunafuata karatasi, mama. Vingekuwa vinasomwa, karatasi ingesema."

"Karatasi haijawahi kukaa kaunta, baba."

Wakacheka, wakaendelea kubeba. Vitabu mia nne na kumi na viwili viko ghala la nyuma ya jiko, vinangoja lori la kiwanda cha karatasi litakalokuja Ijumaa hii. Mtihani ni baada ya wiki tatu.

Sisi wanne tulikuwapo, mgeni rasmi, na tulinyamaza. Wageni walikuwa na barua yenye mhuri wa ofisi, na sisi tulikuwa tumechoka. Tunaona aibu kulisema.

NyaMhango hakuandika kulalamika. Barua zake tatu kuhusu paa linalovuja hazijajibiwa mpaka leo. Alianza tu kupitia ghalani kila mchana, akitoka kuchukua nsima yake, ugali wa huku kwetu, jikoni. Mlinzi wetu, Bwana Chavula, akamtania.

"Mama, mchana unaingia mnene, jioni unatoka mwembamba. Ni chakula gani hicho?"

"Ni kazi, mwanangu. Hunikondesha."

Vitabu thelathini na saba vilirudi kaunta chini ya kitenge chake. Lango jipya halikulia hata mara moja. Linajua kitabu kinachotoka. Kinachorudi halina habari nacho. Siku ya tisa kitenge kililegea mlangoni, na kitabu cha makuzi ya mtoto kikaanguka mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Sasa amesimamishwa kazi kwa wizi wa mali ya chuo. Shauri lake ni Alhamisi, na amebakiza miezi minane astaafu. Tulipokwenda kumpa pole alisema, "Sikuiba. Nilikuwa navirudisha kazini. Lakini miguu inaniuma, wanangu, na nimechoka kueleza."

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba: paa, jenereta na mengineyo. Jana tuliyakata sita kwa kalamu. Lililobaki ni hili: vitabu virudi kabla ya Ijumaa, na aliyevirudisha arudi kabla yavyo.

Ratiba inasema mgeni rasmi atakuwa wa kwanza kuazima kitabu kwa mashine mpya. Mashine iko tayari, umeme haupo. Mezani tumekuwekea nakala moja ya kitabu cha makuzi ya mtoto. Tunakuomba ukiazime kwa njia ya zamani. Kikishagongwa tarehe ya leo, kwa kanuni ileile iliyokitupa, kitaishi miaka mitano. Waliosimama nyuma yako ni wanachuo mia sita, kila mmoja ana kitambulisho mkononi. Ghala liko hatua mia moja kutoka hapa, na foleni imekwisha kupangwa.

Kuna jambo moja dogo. NyaMhango alipokabidhi funguo, hakuna aliyekumbuka kumwomba mhuri. Leo asubuhi ameuweka tarehe mwenyewe, na anao huko bombani. Sisi tulimwomba, akakataa. Katika miaka ishirini na minane ya kaunta hajamwachia mtu kuugonga.

Itabidi umwite, mgeni rasmi.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na akuzidishie nguvu ambazo sisi zimetupungukia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maktaba, Mtalizga:
wanne ndani, mmoja nje.