Heroe wa Tangi Jekundu

Kijiwe cha kahawa pale Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, kimepakana na karakana ya Stefano, fundi wa kuchomelea ambaye wenzake humwita Cheche. Asubuhi hiyo alikuwa amemtoa nje ndege wake mpya: heroe kama wale wa Ziwa Singidani, miguu ya shokapu, shingo ya minyororo, mabawa ya spoki, kifua cha tangi jekundu la pikipiki. Watu walimsifu weee, mpaka Gaspari, dereva wa bodaboda, alipoinama kulitazama lile tangi. Ubavuni palikuwa pamekwaruzwa jina kwa msumari: STUMAI.

— Cheche, hili tangi la marehemu kaka yangu. La Paulo. Na hili jina la binti yake.

Paulo aligongwa na lori mwaka jana, akiwa juu ya pikipiki hiyo hiyo.

— Umelitoa wapi?

— Nililetewa.

— Na nani?

Stefano alikiweka kikombe chini. Alikuwa ameahidi kunyamaza.

— Siwezi kusema, Gaspari.

— Hapo kuna mtandao! akadakia Kefa, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Wanakusanya pikipiki za ajali, wanazikatakata, zinavushwa mpaka.

— Mpaka gani, na tangi liko hapa? aliuliza Mzee Gerald, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kijiwe kilimpa cheo cha Hakimu. Hiki ni kidhibiti. Polisi wakija, sisi sote mashahidi.

— Mashahidi? Washtakiwa, mzee wangu! Redio akadakia tena. Tena huyu si pambo. Chuma kilichoua ukikitia macho, kinaanza kumtafuta dereva mwingine.

Waliokuwa karibu na ndege wakasogea. Gaspari hakusogea. Aliingia karakana akatoka na nyundo.

— Kaka yangu hawi pambo la mtu.

Stefano alisimama mbele ya ndege.

— Usimguse. Utajuta.

— Unanitisha?

— Nakuomba.

— Basi mtaje!

Nyundo ilikuwa juu aliposikika mwanamke nyuma yao.

— Shikamoo, Mzee Gerald.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Hakimu.

Alikuwa Rahel, mjane wa Paulo, akiwa na kanga mkononi ya kumfungia ndege huyo.

— Shemeji, unavunja changu?

— Chako?

— Ile pikipiki ilikaa mlangoni imepondeka, na Stumai kila akitoka anaikuta. Akawa hataki hata kucheza nje. Nikamwomba fundi anitolee humo kitu ambacho mtoto anaweza kukitazama. Nilimwambia asiseme, nikijua mtapiga kelele.

Nyundo ikashuka taratibu.

— Ungeniambia, shemeji. Mimi si ndugu yake?

Rahel aliwageukia wote. Aliwatazama mmoja mmoja, waliovaa kofia na waliovua, waliobeba jeneza la Paulo na waliolia kwa sauti.

— Tangu tuanue matanga, nani kati yenu amefika kwangu?

Hakimu akakitazama kikombe chake kitupu. Stefano naye akainamisha kichwa, maana tangi lile Rahel alilibeba mwenyewe kichwani, peke yake, mpaka karakana.

— Haya, alisema Rahel akitandaza kanga. Nani ananishikia miguu ya ndege?